Mguu Mfupi wa Benchi

Benchi la kona liliegemea ukuta wa duka la vipuri lililofungwa siku nyingi, na asubuhi ile wenyewe walishajaa. Spika, fundi redio mwenye sauti ya kuzishinda redio zote alizowahi kutengeneza, alikuwa na gazeti. Pembeni yake alikaa Tochi, mlinzi wa ghala, katoka zamu na usingizi wake kauahirisha. Mama Cherehani alikuwa mlangoni pake, hatua mbili tu, anashona huku sikio liko kijiweni. Taratibu, muuza kahawa, alichuchumaa karibu na birika. Kwa jina hilo hawakumwonea: ukimwomba kikombe, utakunywa akikumbuka. Habari ilikuwa moja tu. Komeo, golikipa wa mtaa huu aliyefika ligi kuu, kafungiwa mwaka mzima kwa kumsukuma mwamuzi, naye kaipeleka ligi mahakamani.

— Sasa mimi nauliza, — alisema Tochi. — Jaji atapuliza filimbi?

— Jaji hapulizi, anagonga, — alijibu Spika. — Akigonga, hata goli linafutwa.

— Hata la mwaka juzi?

— Hata la kabla hujazaliwa.

Mama Cherehani alikata uzi kwa meno.

— Mimi nasikia mwamuzi ni shemeji yake mwenyekiti wa ligi.

— Hayo ya ushemeji madogo, mama, — alisema Spika. — Ligi wanataka kuondoa makipa wote. Watu wamechoka na sare. Wameanza na Komeo kwa sababu ndiye anayedaka.

— Golini atabaki nani?

— Nyavu.

Tochi alilifikiria jambo hilo kwa dhati.

— Basi hata mimi nitafunga.

Taratibu alicheka pamoja nao. Alimpenda Komeo, alimjua tangu anadaka mpira wa matambara kwenye ukuta huu huu, na naye alitaka kujua.

— Hebu soma, Spika. Anadai nini hasa?

Spika akalinyoosha gazeti. Kumbe Komeo hakuwa anabishana habari ya kumsukuma mwamuzi. Alichodai ni kwamba kamati ilimhukumu bila kumsikiliza, maana hakuitwa. Ligi nao wakajibu kwamba aliitwa kwa barua, barua ikafika mtaani kwake, na aliyeipokea kasaini kwenye daftari la tarishi. Jaji angeamua kesho saa tatu. Komeo akishindwa, angekaa mwaka mzima bila kugusa mpira, na kipa wa miaka thelathini na tatu akikaa mwaka mzima, ndiyo basi tena.

— Saini ya nani? — aliuliza Mama Cherehani.

— Haisomeki. Wameandika hapa, ni mstari umepinda kama mnyoo uliokanyagwa.

— Huyo ni mpelelezi, — alisema Tochi. — Wanafundishwa kusaini hivyo.

— Mpelelezi wapi, — alisema Spika. — Siku hizi kuna mashine inasaini yenyewe. Unaiwasha, unaenda kulala.

Taratibu aliinua birika, akasahau kumimina. Saini ya namna hiyo ilikuwa yake. Akaikumbuka pikipiki, tarishi mwenye haraka, daftari limewekwa juu ya sinia lake. Nyumba za mtaa huu hazina namba, kwa hiyo barua za watu huachwa kijiweni, naye huzigawa wenyewe wakipita. Komeo hakupita, alikuwa kambini na timu. Siku ya pili benchi likayumba, kahawa ikamwagikia mteja, na Taratibu akakunja kitu cha kwanza kilichomjia mkononi.

Aliogopa, tena sana. Mtaa ungemla nyama. Halafu wazo likamjia, na alilionea haya lilipokuwa bado linamjia: saini haisomeki, nani atajua?

Hapo akatokea fundi seremala, baba yake Komeo, ameshika shati jeupe lililokatika kifungo. Tangu mambo ya wakili yaanze, hakuwa amekaa kijiweni hata siku moja.

— Shikamoo, fundi, — walisema wote.

— Marahaba, wanangu. Mama, nisaidie kifungo. Ni la kuvaa kesho.

Akakaa mwisho wa benchi kwa uangalifu. Akaegemea kulia, akaegemea kushoto, akainama kidogo.

— Benchi hili nililiunda mimi, — alisema. — Mguu huu ulikuwa mfupi, kila siku najiambia nitakuja kuurekebisha. Nani kaurekebisha?

Wakatazamana. Spika, ambaye tangu asubuhi hakuna swali lililomshinda, alirudi kwenye gazeti lake.

— Na kesi, fundi? — aliuliza Tochi.

— Wakili anasema kitu kimoja tu kingetuokoa. Barua yenyewe ipatikane, haijafunguliwa, ionekane haikumfikia. Sasa utaitafuta wapi?

Alisema bila kulalamika, huku anapapasa ubao aliouranda mwenyewe. Taratibu alilitazama lile shati, akaweka birika chini.

— Simameni.

— Kahawa hatujamaliza, — alisema Spika.

— Simameni, jamani. Na wewe, fundi. Nisamehe.

Akapiga magoti, akaliinua benchi kwa bega, akachomoa bahasha iliyokunjwa mara nne, upande mmoja mweusi kwa vumbi. Akaikunjua. Jina la Komeo lilikuwepo, mhuri wa ligi ulikuwepo, na gundi ilikuwa haijaachia. Akamkabidhi fundi kwa mikono miwili.

— Nilisaini mimi. Nikaisahau. Kesho saa tatu nitakuja nimwambie jaji.

Fundi aliigeuza bahasha, akaigeuza tena. Kisha akaikunjia ndani ya lile shati, ambalo alikuwa bado amelishika, na kukaa. Benchi likayumba, kahawa ya Spika ikamwagikia gazeti, na hakuna aliyejali kuifuta.

— Wewe njoo saa moja, — alisema fundi. — Tunakujua.