Marehemu Mzee Eliezeri Kajiru, Aliyeziogopa Rangi (1938–1994)

Mzee Eliezeri alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 kijijini Bombo, akiwa kitinda mimba wa Mzee Zebedayo Kajiru. Mama yake alisimulia kwamba kilio chake kilisikika ng'ambo ya mto, na sauti ile hakuipunguza maisha yake yote.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha karo ikakwama. Shule iliyobaki ilikuwa msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kusafisha mifereji ya maji. Yeye ndiye aliyekuwa akiimbisha. Akiimba, majembe yote yalianguka kwa pamoja. Akinyamaza kumeza mate tu, kila mtu alichimba kivyake na mfereji ukaenda kombo.

Mwaka 1959 alishuka tambarare kukata mkonge. Tarehe 7 Desemba 1963 alifunga ndoa na Rogathe, binti wa kijiji cha Maore, ambaye hukiri kwamba aliipenda sauti kabla ya kuiona sura. Walijaliwa Ernesta na Erasmo. Shamba la mkonge lilipopunguza watu mwaka 1985, siku zile ambazo hata sabuni ilikuwa ya foleni, alianza kuuza mitumba sokoni Same, meza yake ikipakana na ya muuzaji mwenzake, Bwana Hamdani. Kwenye rundo lililovurugika alichomoa shati na suruali vinavyopatana, na mkulima akaondoka kama bwana harusi.

Agosti 1993 mteja aliomba shati la bluu. Mzee alilishika, akaliangalia, akamgeukia jirani yake.

"Hamdani ndugu yangu, bluu imetoka kwenye shati. Imekaa kwenye ndizi za yule mama."

Hamdani alicheka, akamwangalia tena usoni, akaacha kucheka. Alifunga meza zote mbili, akampeleka nyumbani.

Kilikuwa kiharusi. Daktari wa Moshi alisema macho ni mazima. "Mzee, ubongo una mahali pa rangi, pa umbo na pa mwendo. Wataalamu wengine wanadhani sehemu hizo hupiga kwa mdundo mmoja, ndipo akili inapojua kwamba wekundu huu ni wa kikombe hiki. Bado wanachunguza. Kwako naona haviungani, hasa vitu vikiwa vingi."

"Basi ni msaragambo usio na mwimbishaji," alijibu, na mkono wake haukuachia gauni la Rogathe.

Sisi tukafanya tulivyolelewa: tulikwenda kumjulia hali, wote, siku moja. Akina mama walijaza chumba kwa khanga zao. Wekundu wa khanga ya jirani yetu Mama Saada ukahamia usoni kwa Rogathe, na mzee akapiga yowe kwamba mkewe anavuja damu. Rogathe alimsogelea kumtuliza. Mzee akajibana ukutani akimkimbia. Tulinong'ona kwamba amelogwa. Wema wetu ndio uliokuwa ukimtesa.

Rogathe aliogopa. Hakuogopa kifo, kwa kuwa alishakiona kinakuja. Aliogopa mumewe atakufa akimhofia yeye. Akatoa kila kitu chumbani, akatundika shuka jeupe ukutani, na wageni akawaingiza mmoja mmoja. Wengine walinuna. "Tangu lini mgonjwa akawa na foleni?" aliuliza Mama Saada, lakini alisubiri zamu yake.

Kuna siku ilisaidia, na kuna siku mzee alifumba macho kutwa nzima akimwomba mkewe azungumze tu. Kiharusi cha pili kilikuja Februari 1994. Asubuhi ya tarehe 19, Rogathe alivaa gauni jeupe lisilo na ua, akawatoa hata watoto, akakaa mbele ya shuka. Mzee alifumbua macho kwa hofu, kama kawaida yake. Kisha akatulia.

"Rogathe. Leo umekuja mzima."

Alimwangalia hivyo hadi roho ilipomtoka, kabla ya saa sita mchana.

Ameacha mjane, Rogathe, watoto wawili, Ernesta na Erasmo, wajukuu, na Bwana Hamdani, ambaye familia inamhesabu ndugu.

Mjane ana ombi. Tunapokwenda kutoa heshima za mwisho tusisongamane. Tupite mbele ya mzee mmoja mmoja, kila mtu asimame kidogo peke yake, ili asiogope.

Mwenyezi Mungu amlaze pasipo na hofu. Apumzike kwa amani.