Saa ya Mke wa Chuma

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kutengeneza saa, kati ya duka la dawa na duka la viatu. Mimi ndiye fundi saa, ingawa hapo kijiweni utaalamu wangu hauhesabiki. Mchana mmoja Chuma, mchomeleaji wa mageti, alikuja na saa mbili za kike alizoachiwa na sonara azitazame kwanza. Mke wake, muuguzi, alikuwa amepandishwa cheo kuwa mkuu wa wodi, na jioni hiyo wenzake walimwandalia sherehe. Mwaka juzi alipofaulu mtihani, Chuma alimzawadia pasi. Mama wa watu alimnyooshea mashati wiki mbili nzima bila kumsemesha. Safari hii Chuma hakutaka kukosea.

Saa ya kwanza ilikuwa ya dhahabu, uso mdogo kama kifungo cha koti, haina namba hata moja. Penye kila saa pana kito cheupe. Ya pili ilikuwa ya fedha, mkanda mwembamba, namba zinasomeka, na kito kimoja chekundu penye saa sita.

— Chukua yenye vito vingi, alisema Profesa, karani mstaafu. Mwenye macho haambiwi tazama. Ndiyo maana haina namba.

— Sasa atajuaje ni saa ngapi? nikauliza.

— Fundi, tulia. Hapa tunazungumzia saa.

Wakili, dalali wa vyumba ambaye mahakamani amewahi kufika kama shahidi tu, akaishika ile ya dhahabu kwa ncha za vidole.

— Hii itakuponza, bwana. Mwanamke akivaa saa inayometa, ataitazama kila mara. Akiitazama, atajua umechelewa.

— Mimi sichelewi, akasema Chuma.

— Huchelewi kwa sababu saa aliyonayo ni mbovu. Haraka haraka haina baraka. Inunue, halafu fundi airudishe nyuma nusu saa.

Profesa akatikisa kichwa.

— Nusu saa si neno. Mimi naogopa hiki chekundu. Nyekundu ni hatari. Wagonjwa wakikiona watadhani wamezidiwa.

— Afadhali hicho, Wakili akasema. Hivi vyeupe vinanasa maneno. Jiwe halisi halisahau. Unamwongopea mkeo jikoni, lenyewe limetulia tu mkononi. Siku mkiitwa kwenye kikao cha wakwe, saa inawekwa mezani.

— Halafu inasema? akauliza Chuma.

— Haisemi. Inametameta. Shangazi zake wataelewa.

Chuma akafuta jasho.

— Jamani, sonara ananisubiri. Nichukue ipi?

— Mchagua jembe si mkulima, akahitimisha Profesa. Mume mwenye akili hachagui. Mnunulie pasi nyingine.

Tukiwa tunacheka, akafika fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mama mmoja asiye na maneno mengi, kuchukua saa yake ya ukutani. Akaziangalia zile saa mbili bila kuzigusa.

— Shemeji, mkeo huamka saa ngapi?

— Asubuhi, akajibu Chuma.

— Asubuhi ya saa ngapi? Kama huamka bado giza, hii isiyo na namba ataisomaje?

Chuma akafikiri. Akaangalia viganja vyake.

— Mimi nikiamka nakuta maji ya kuoga yameshachemka.

— Kwa miaka mingapi?

— Kumi na tisa.

Yule mama akatugeukia sisi.

— Na nyinyi, wake zenu?

Profesa akapeleka mdomoni kikombe ambacho kahawa yake ilishaisha zamani. Wakili akasema kuna mpangaji anamsubiri, lakini hakuinuka. Mimi nikainamia skrubu ambayo nilishaikaza.

Chuma hakujifanya. Akatoa simu, akampigia mkewe, akaiweka kwenye spika juu ya benchi.

— Mama watoto, hivi wewe huwa unaamka saa ngapi?

 Upande wa pili tukasikia magurudumu ya kitanda cha wagonjwa yakipita, kisha mlango ukifungwa. Mkewe alikuwa ametafuta mahali pa faragha.

— Niambie taratibu, baba, akasema. Nani amefariki?