Shangazi Aliyesimamisha Lebo

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, mwandaaji programu mkuu wa hospitali yetu anastaafu. Kwenye barua za ofisi ana cheo kirefu. Kwenye korido ni Shangazi, na hata mkurugenzi, anayemzidi umri, humwita hivyo.

Alianza masjala akiwa mpiga chapa, akasoma masomo ya jioni, akahamia chumba cha kompyuta. Lugha ya programu aliyoipenda ni C, ambayo sisi wengine tunaigusa kama sufuria iliyotoka jikoni. Yeye huisoma huku anakunywa chai, akinung'unika. Akinyamaza, ujue ameona kosa.

Wengi tutamkumbuka kwa asubuhi ile ya dripu. Muuguzi wa wodi ya watoto alirudi dirisha la dawa na chupa mkononi. Mfamasia alikuwa ameandika "Glukosi 5% dripu", lakini lebo ilisomeka "Glukosi 5 3271ripu". Muuguzi akakataa kuitundika. Fundi wa printa aliifungua mashine, akaifuta vumbi, akaifunga. Lebo ikatoka na namba nyingine kabisa.

Shangazi akaja, akaketi kando ya mfamasia. "Andika tena vilevile, nikuangalie." Kisha akaenda kuisoma programu. Katika C, amri ya kuchapa hutaka kwanza kielelezo, yaani mpangilio wa yatakayochapwa, na humo alama ya asilimia ikifuatwa na d, hata pakiwa na nafasi katikati, ni agizo: weka namba hapa. Programu ilikuwa ikiyaweka maneno ya mfamasia mahali pa kielelezo. Mashine ikatii, ikaokota namba yoyote iliyoikuta kwenye kumbukumbu yake. Tiba ilikuwa mstari mmoja tu, wa kuiambia kwamba yanayofuata ni maneno, yachapwe yalivyo.

Sisi tungeishia hapo. Yeye aliomba lebo ziandikwe kwa mkono hadi programu zote zikaguliwe. Mkurugenzi akalalamikia foleni.

"Foleni itanuna," Shangazi akamjibu, "lakini itarudi nyumbani nzima."

Akaruhusiwa. Kosa lilelile tulilikuta hadi mapokezi, ambako mjanja angeweza kuandika alama hizo mahali pa jina, akachungulia siri za wagonjwa au kuiangusha mashine. Tulipoanza kuuliza nani aliandika takataka hizi, alitukata kauli: "Hayupo hapa kujitetea. Tengenezeni." Tangu hapo kompaila yetu, ile inayotafsiri C kwa lugha ya mashine, imewekwa iukatae mstari wa aina hiyo, na hakuna lebo iliyobuni namba tena.

Mumewe, fundi seremala, ametuomba tusimsumbue kwa simu. Tumemwelewa, ila hatujaahidi.

Shangazi, asante kwa ukali wako na kwa subira yako. Wako watoto waliotoka wodini wakitembea, wasiojua kwamba upo. Sisi tunajua. Nenda ukapumzike, uwe na afya ya kuyafaidi mapumziko hayo, na chai yako uinywe ingali moto.