Homa ya Mtoto wa Paskalia

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha Masudi muuza kahawa, karibu na makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu, nje kidogo ya mji wa Geita. Pale lazima uongee kwa sauti, maana makarasha hayanyamazi. Asubuhi ile tulikuwa wanne: Athanas, tunayemwita Redio kwa sababu habari zote huanzia kwake, mzee Masalu, tunayemwita Wakili kwa kuwa aliwahi kutoa ushahidi mahakamani Kahama mara moja na mpaka leo anahadithia, Marwa mwenye shimo lake la dhahabu, na mimi, fundi wa pampu. Masudi hajamaliza kupanga vikombe, Redio akaanza.

— Mtoto wa Paskalia amelazwa. Kabebwa jana jioni, macho yamegeuka juu. Malaria imepanda kichwani.

— Nelly? Marwa akauliza. Aliugua lini?

— Ijumaa.

— Na jana ni Jumatatu. Mama gani huyo anakaa na homa siku tatu ndani?

— Mama asiye na karatasi, Wakili akasema.

Paskalia tunamjua wote. Anaponda mawe pale karashani. Aliingia nchi hii mgongoni kwa mama yake, wakikimbia vita Burundi, na mama akafia hapahapa bila kumwachia hata kipande cha cheti. Mumewe alikuwa Bujiku, Msukuma wa Tinde. Mwaka jana shimo lilimfukia. Nelly ana miaka mitatu.

— Mtoto baba yake ni wa Tinde, Wakili akaendelea. Kisheria ni Mtanzania huyo, hana wasiwasi. Mama yake alivyokwenda kumwombea cheti cha kuzaliwa, karani akamwambia arudi kwao akaandikishe huko. Kwao wapi? Mwanamke ana miaka thelathini, hata hiyo Burundi haijui.

— Hapo ndipo ninapochoka mimi, Marwa akasema. Dhahabu aliyoiponda yule mama kwa mikono yake inasafiri mpaka Mwanza, hakuna anayeiuliza kitambulisho. Yeye akipeleka mtoto mgonjwa, aeleze ukoo mzima.

— Wewe mwenyewe ukiulizwa utaponea wapi? Redio akamwambia. Kwenu si mpakani?

— Choo cha babu yangu kiko Tanzania, shamba liko Kenya. Lakini mimi nina kitambulisho cha taifa, namba ya NIDA.

Masudi akamimina. Redio akasogea mbele, kama anavyofanya akiwa na habari nzito.

— Si niliwaambia mambo ya zahanati? Pale mapokezi kuna kitabu cha pili, kinakaa chini ya meza. Kila mwenye lafudhi ya kigeni anaandikwa humo. Kila Ijumaa gari la Uhamiaji linakuja kukichukua.

— Mambo ya vitabu ni ya zamani, Wakili akasema. Siku hizi ni kompyuta. Unataja jina tu, inasoma mpaka babu mzaa babu.

— Mimi nimesikia hata mtoto akilia wodini wanamrekodi, Marwa akasema. Wanasikiliza kama analia Kirundi.

— Mtoto wa miaka mitatu analiaje Kirundi? Masudi akauliza.

— Kilio kina lafudhi, Masudi. Wewe uza kahawa.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yetu na chupa ya chai mkononi. Hatukuwa tunamfahamu. Macho yake yalikuwa mekundu.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mayu, mama yangu, Wakili akaitikia. Mgeni wetu?

— Naitwa Mwamvua. Nimehamia wiki iliyopita, chumba cha pili kutoka kwa Paskalia. Naomba maji ya moto ya kukorogea uji, nampelekea wodini. Mimi ndiye niliyembeba mtoto jana.

Tukampisha akae. Hakukaa.

— Walikuulizaje pale mapokezi? Redio akamwuliza.

— Waliuliza homa imeanza lini, na ametapika mara ngapi. Nesi akauliza jina, nikasema Nelly Bujiku, akaandika.

— Uraia?

— Hakuna aliyeuliza uraia. Nesi alimgombeza Paskalia, ndiyo. Alimgombeza kwa kuchelewa. Kasema angemleta Ijumaa, angepewa dawa, akarudi naye nyumbani.

— Na mtoto? Marwa akauliza.

— Ameamka alfajiri, kanywa maji. Anatutazama. Lakini ukimwita hageuki. Mama yake kamwita mpaka sauti ikakauka. Daktari anasema tusubiri, masikio yanaweza kurudi, yanaweza yasirudi.

Masudi akachukua ile chupa, akaijaza maji ya moto, akaifunga taratibu.

— Siku zote hizo alijifungia ndani na mtoto, Mwamvua akasema. Anasema angekwenda zahanati, wangemkamata wamvushe mpaka, Nelly abaki peke yake. Nimemwuliza kayatoa wapi maneno hayo, hataki kunitajia mtu. Ninyi mko hapa kila siku, na yeye kazini kwake ni palepale. Nani alimwambia?

Redio alipuliza kahawa yake. Wakili alikohoa. Marwa aligeukia makarasha kama vile ameitwa.

Mwamvua akachukua chupa yake, akaenda.

Paskalia hupumzikia kwenye ukuta wa kibanda hiki kila adhuhuri, beseni la mawe likiwa miguuni. Mwezi uliopita alikuwa amekaa hapo wakati Redio alipoleta habari ya kile kitabu, na Wakili akaipigia mhuri kwa vifungu vya sheria. Ndipo mimi nikasema gari lenyewe nimeliona kwa macho yangu, limeegeshwa nyuma ya zahanati.

Sikuwahi kuliona.