Kuku wa Umeme na Mayai Kumi na Mawili

Benchi letu limeegemea ukuta wa nyumba ya Fundi Saa, chini ya dirisha la sebule yake. Lina miguu minne, mmoja wa tofali, na lina sheria moja: mwenye kikombe kinachofuka mvuke ndiye mwenye zamu ya kusema. Na kwa kuwa Mama Kahawa haachi kikombe cha mtu kipoe, kimya hakijapata kuketi nasi hata siku moja. Asubuhi hiyo dirisha lilikuwa wazi. Ndani, juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma, lilikaa sanduku la mbao ambalo fundi alilitengeneza kwa mikono yake: kioo mbele, balbu juu, kipimajoto ubavuni, kisahani cha maji chini. Sisi tulilibatiza Kuku wa Umeme. Lilikuwa limebeba mayai kumi na mawili, ya mwisho ya kuku aliyeachwa na marehemu mama yake fundi. Kicheche alimnyakua kuku huyo kabla hajaanza kuatamia, dada mkubwa wa fundi akayaokota mayai, akayaleta katika kapu la pumba, akasema maneno machache tu: “Uzao wa mama ndio huu. Umebaki huu.” Sasa siku ya ishirini na moja imefika, na dada yuko njiani.

Fundi akatokeza dirishani, lenzi yake ya kazi bado imebanwa jichoni.

— Saa nne na dakika kumi na mbili, alisema. Yalitakiwa kuanguliwa saa nne kamili. Nimekwisha, jamani.

— Dakika kumi na mbili! Kinyozi alicheka. Fundi, hayo ni mayai, si treni.

— Nimeyageuza mara tatu kwa siku. Upande huu nimechora msalaba, upande huu duara, nisije nikachanganya. Siku tatu za mwisho nimeyaacha yatulie, kama nilivyoelekezwa. Joto nyuzi thelathini na saba na nusu, halikupanda, halikushuka. Nimekosea wapi?

Kikombe cha kwanza kilikuwa kwa Breki, dereva wa basi aliyestaafu.

— Hujakosea, mwanangu. Hao wanasubiriana. Wamo kumi na wawili, sivyo? Mmoja bado anafunga mizigo. Basi haliondoki na viti vitupu.

— Toka hapa na basi lako! alisema Kinyozi, naye kikombe chake kikifuka. Tatizo ni kioo. Wanatuona.

— Watatuonaje na wamo ndani ya ganda? aliuliza fundi.

— Fundi, siku ya saba si uliyamulika kwa tochi ukaona mishipa? Haya. Kama wewe uliona ndani, wao waliona nje. Sasa fikiria wewe ni kifaranga, jicho lako la kwanza duniani linakutana na uso wa Breki, umejaa kioo kizima. Utatoka?

Breki mwenyewe alicheka hadi kahawa ikamwingia puani.

Zamu iliponifikia nikasema, kwa utulivu uliostahili hoja nzito, kwamba hakuna aliyewapa majina, na asiye na jina hawezi kuitika. Hoja yangu haikupata mnunuzi.

— Nyie wanaume mnajua nini kuhusu kulea? Mama Kahawa aliingilia, akijimiminia kikombe ili sheria isivunjwe. Kuku akiatamia hanyamazi. Anafoka, anagombana na jirani, anamtukana paka. Hawa wamelelewa na balbu. Hawajawahi kugombezwa hata mara moja! Wangetokaje? Wagombezeni.

Basi tukasimama wote, vichwa vinne dirishani.

— Tokeni, wavivu nyie! alinguruma Breki. Mwisho wa safari, shukeni!

— Nani anayefuata? alipaza sauti Kinyozi. Kiti kiko wazi!

— Aibu! alifoka Mama Kahawa. Watoto wa wenzenu wanatembea!

Nikawaita kwa majina niliyoyabuni papo hapo, nikaishiwa kwenye la saba. Nyuma ya kioo mayai yalikaa vilevile, meupe, yenye adabu, misalaba yake juu.

Fundi akavua lenzi.

— Basi, inatosha. Sitaki dada asimame hapa akingojea kitu ambacho hakipo. Akute nimeshazima.

Akanyoosha mkono kwenye plagi.

— Usizime kitu.

Tuligeuka. Dada mkubwa alikuwa amesimama nyuma ya benchi, kapu lake mkononi. Pumba zilikuwa mle mle, tayari kubeba vifaranga. Mama Kahawa akamsogezea kikombe, ndiyo heshima yetu kwa mgeni. Akakikataa kwa kiganja. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akamwuliza mdogo wake:

— Mmeyasikiliza?

Fundi Saa, mtu ambaye hakuna saa iliyotoka mkononi mwake bila kwanza kuwekwa sikioni, akashikwa na haya mpaka shingoni.

— Hapana, dada, alisema.

Kikawa kimya. Birika likasimama hewani. Fundi akapiga magoti kando ya meza, akalaza sikio juu ya mbao. Tukamtazama uso wake kama watu wanaosubiri barua isomwe.

— Linagonga, alinong’ona. Dada, linagonga. Na hili. Na… subiri… hili linasema!

Ndipo nasi tukasikia: sauti nyembamba kama uzi, iliyokuwepo pengine tangu alfajiri huku tukiifunika kwa hekima zetu. Pembeni ya msalaba wa tatu ganda lilipata ufa, na ncha ya mdomo ikachungulia.

— Wa mama, alisema dada, akicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Ana haraka kama mama.

Kinyozi akavuta pumzi atoe neno. Mikono mitatu ikamziba kinywa. Kahawa ikapoa katika vikombe vyote, kwa mara ya kwanza tangu benchi liwe benchi. Zamu ya kusema ilikuwa imekwenda kwa mwingine, naye hakuhitaji kikombe.