Jina la Chifu Chevo Liliitwa Mara Tatu

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni moto chini ya maharage, vuteni kiti, mkae. Ni mimi, Bi Tencha wenu. Leo hatufungui kwa wimbo. Wimbo umenikwama.

Chifu Chevo Villarreal amefariki. Nayasema haya na masikio yangu mwenyewe hayataki kuyapokea. Alifariki Jumapili iliyopita asubuhi, akiwa kwenye foleni ya barbacoa, na sufuria ya mama yake mkononi. Kwa walioingia sasa hivi narudia: Chevo, mtoto wa Bi Cuca wa Mtaa wa Monclova, yule aliyekuwa Chifu katika Jeshi la Anga, hatunaye.

Nilikuwepo. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni ile.

Mnajua alivyokuwa. Hakuweza kuona mstari umepinda akanyamaza. "Nyoosheni mstari, wazee!" alisema. "Hii ni nyama ya kichwa cha ng'ombe, si harusi ya binamu yenu!" Tukacheka, tukanyoosha. Kisha akapiga goti. Kwanza aliiweka sufuria chini, taratibu, isigonge sakafu. Bwana Beto mwenye duka akampigia kelele kutoka dirishani, "Inuka Chifu, mimi si padri! Nyama inakwisha!" Tukacheka tena.

Tulikuwa bado tunacheka, wasikilizaji wapendwa, na mwenzetu alikuwa ameshaondoka.

Moyo, daktari alisema. Moyo ulisimama tu. Mpaka sasa nikifumba macho naiona ile sufuria, imekaa wima, na mfuniko wake juu.

Sasa nianze mwanzo, maana mtu huyu hakuanzia kwenye foleni.

Mimi ndiye niliyemshika siku ya ubatizo. Jina lake lote ni Eusebio Villarreal Cantú. Mtaa mzima ulilijua jina hilo, kwa sababu mama yake aliliita kila jioni kutoka kibarazani. Mnakumbuka ndege za kambi ya Jeshi la Anga zilivyokuwa zikipita juu ya mapaa yetu, sahani zikitetemeka kabatini. Sisi wengine tulisubiri ndege ipite ndipo tuendelee na mazungumzo. Bi Cuca hakusubiri. Aliita juu ya ngurumo ile. "Eusebio Villarreal Cantú!" Na kutoka popote alipokuwa, mtoni, juu ya paa la jirani, chini ya gari la mtu, Chevo alijibu, "Naam, mama!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba ile. Ukiitwa, unaitika. Usipoitika, kandambili inakufuata, na kandambili ya Bi Cuca ilikuwa na shabaha.

Akaingia jeshini akiwa kijana mwembamba kama ufagio. Siku ya gwaride la kuhitimu tulikwenda wote, tumevaa vizuri. Tukaambiwa tukae kimya. Bi Cuca akamtafuta mwanawe kati ya vichwa vile vilivyonyolewa, vyote sawa kama mayai. Hakumwona. Akasimama, akaita jina lote.

Na kutoka katikati ya kikosi, katikati ya ule ukimya, tukasikia: "Naam, mama!"

Mkufunzi alifika mbele yake akiwa amevimba shingo. "Villarreal! Mama yako ana cheo gani?"

"Mkubwa kuliko chako, bwana!"

Kwa adhabu alizisafisha buti za wenzake mpaka mikono ikachubuka. Lakini mkufunzi yule yule ndiye aliyeandika kwamba kijana huyu ana sauti, na kwamba sauti hiyo itawaongoza watu.

Ikawa kweli. Alianza kama fundi wa injini za ndege. Akapelekwa kwenye theluji, akapelekwa Ujerumani, akapelekwa jangwani. Akapanda ngazi moja moja mpaka akawa Chifu, na kwa askari asiye afisa hakuna cheo kilicho juu ya hicho. Maafisa walikuja na kuondoka. Chifu alibaki na watu wake. Nani ana mke mgonjwa, nani halali, nani anakunywa kupita kiasi, alijua yeye.

Na alijua majina. Siku moja alifika askari mpya, binti kutoka visiwa vya Samoa, jina lake Losa Faleafine. Masajini walishindwa na jina hilo, wakamwita Alfabeti. Chevo akasimamisha kikosi chote. Akalitamka jina la yule binti, lote, polepole. Akasema, "Hili alipewa na mama yake. Nani hapa ana cheo kikubwa kuliko mama yake?" Hakuna aliyemwita Alfabeti tena.

Mlishike jina hilo la Losa. Nitarudi kwake.

Sasa kuna jambo moja la jeshini lazima niliseme. Askari akifa, wenzake hupanga mstari, na mkuu wao huita majina. Walio hai huitika, "Nipo!" Kisha huitwa jina la marehemu. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Na mtu yeyote haruhusiwi kuitika. Ule ukimya ndio buriani yao.

Kule jangwani, Chevo ndiye aliyeliita hivyo jina la kijana wake mmoja aliyekufa, Pruett. Aliporudi nyumbani Krismasi ile, tukiwa jikoni tunakunja tamales, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda ya mahindi, alimsimulia mama yake. Bi Cuca akaacha kukunja, unga mikononi.

"Na hakuna hata mmoja aliyemwitikia? Watu wazima wote mmesimama tu?"

"Mama, ukimya ndio heshima."

"Heshima gani hiyo? Mtoto wa mtu anaitwa mara tatu kama mbwa aliyepotea!"

"Ndio utaratibu wetu, mama."

"Basi siku wakikuita wewe, mimi nitaitika. Wanifunge."

Chevo akacheka. "Siku hiyo wewe utakuwa umeshatangulia."

"Thubutu! Nakunja hizi tamales mpaka nikuzike."

Tulicheka jamani. Tulicheka mpaka tukajifuta machozi kwa aproni. Neno lile lilikuwa mzaha.

Jumapili tulipompelekea Bi Cuca habari, alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Amekwenda kununua barbacoa." Akaweka sahani mbili mezani. Hakulia. Tukasali rozari Jumatatu, Jumanne, Jumatano, sahani bado zipo, na chozi hakuna. Hali chochote, hanywi ila kahawa. Ofelia, dada yake Chevo, alinivuta pembeni. "Mama wa ubatizo, nitazika wawili. Mtu hawezi kuishi hivi."

Nikamkalia karibu. Nikamwambia, "Cuca, mwenzangu, Chevo amekufa."

Akanitazama kama mtu anayetazama mwongo. "Nimemwita mimi?"

"Hapana."

"Sijamwita bado. Sasa ninyi mnajuaje kwamba haitiki?"

Tangu Jumapili hakuwa ametoka nje kusimama kibarazani hata mara moja. Mwanamke aliyeita jina lile maisha yake yote alikuwa ameufunga mdomo. Alikuwa anaogopa kuita. Hapo ndipo nilipoelewa.

Alhamisi akaja Losa, na sare yake. Siku hizi yeye mwenyewe ni Chifu. Wanafamilia walikuwa wameshakubaliana kwamba mama abaki nyumbani, asije akaitika na kuharibu shughuli mbele ya jeshi zima. Losa alipiga magoti mbele ya kiti cha bibi.

"Bibi, kesho mimi ndiye nitakayeliita jina lake."

"Nami nitaitika."

"Ukiitika, sitakuzuia. Nitanyamaza nikusikilize. Lakini uje, bibi. Nisimwite peke yangu."

Akaja. Jana Ijumaa, makaburini, alikaa kiti cha mbele, shela nyeusi kichwani. Mtaa mzima nyuma yake, na nawaambia kweli, wengi wetu tulikuwa tayari kuitika pamoja naye.

Losa akaita walio hai. "Sajini Coleman!" "Nipo, Chifu!" "Sajini Ybarra!" "Nipo, Chifu!"

Kisha: "Chifu Villarreal!"

Kimya.

"Chifu Eusebio Villarreal!"

Kimya. Bi Cuca alikuwa ameshasimama. Ofelia akamshika kiwiko, mama akaukung'uta mkono wake.

"Chifu Eusebio Villarreal Cantú!"

Tukamtazama yeye. Alifungua kinywa. Tukasubiri. Halafu, badala ya kuitika, akageuza kichwa, akatega lile sikio lake ambalo bado linasikia vizuri. Akakaa hivyo, ametega. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ita tena, mwanangu. Pengine hakusikia. Pengine ni ndege."

Angani hapakuwa na ndege, wasikilizaji wapendwa. Palikuwa peupe tu.

Utaratibu hauruhusu mara ya nne. Losa alisimama wima, machozi yakimtiririka mpaka kwenye ukosi, hakufuta. Basi Bi Cuca akaita mwenyewe. Aliita kwa sauti ya kibarazani, ile iliyokuwa ikizishinda injini. "Eusebio Villarreal Cantú!"

Wote tulikuwa na "Naam, mama" kooni. Hakuna aliyeitoa. Haikuwa yetu.

Akasubiri. Kisha akakaa. "Basi ni kweli," akasema. Na akalia. Alilia mpaka tarumbeta ikaisha, mpaka bendera ikakunjwa, mpaka jeneza likashuka. Jioni Ofelia alimpa bakuli la supu, akanywa nusu. Ile sahani ya pili aliiosha mwenyewe, akairudisha kabatini.

Kwako Bi Cuca, kwako Ofelia, kwako Losa na wote aliowalea katika Jeshi la Anga, poleni. Poleni sana. Sisi wa foleni ile bado hatujazinduka.

Nanyi mnaonisikiliza, lifikirieni hili leo. Yupo mtu anayeliita jina lenu lote, na ninyi mnasema nitampigia kesho. Itikeni sasa hivi, akiwa bado anasikia.

Na Cuca, mwenzangu, najua redio iko wazi hapo juu ya friji. Jioni ya leo toka nje, usimame kibarazani. Ukiona haja ya kuita, niite mimi. Nyumba ya tatu, mlango wa kijani.

Nitaitika.