Kijiko cha Ma Adventina Kokuberwa, 1934–1976

Aliyekutana na Ma Adventina Kokuberwa kwa mara ya kwanza aliona kijiko kabla ya kuuona uso wake. Kilikuwa kijiko kidogo cha chai, kimefungwa kwa uzi shingoni, kikigongana na rozari kila alipoinama. Watoto wa kituo cha yatima cha Kishanda waliutambua mlio huo kabla hajafika mlangoni, na wenye nguvu kidogo walifumbua midomo.

Marehemu alizaliwa Kashozi tarehe 14 Machi 1934, mtoto wa tatu wa Ta Bartholomayo Rugaibula na Ma Anatolia, wakulima wa migomba na kahawa. Alisoma shule ya misheni palepale Kashozi kuanzia 1943 hadi 1950. Walimu waliusifu mwandiko wake. Nyumbani mama yake alimgombeza kwa kula polepole mno, hata kuku wakawahi kuimaliza sahani yake. Hakuna aliyejua kwamba tabia hiyo ingekuja kuokoa watu. Mwaka 1953 alihitimu mafunzo ya uuguzi msaidizi mjini Bukoba.

Tarehe 7 Januari 1956 alifunga ndoa na Mwalimu Ildefons Mwijage wa hapa Rubafu, na Mungu akawajalia watoto wanne. Mwalimu alipohamishiwa Muleba mwaka 1962, marehemu aliajiriwa hukohuko, katika kituo cha Kishanda.

Wiki ya kwanza alifanya kosa, na yeye mwenyewe aliagiza lisomwe leo. Aliletewa mtoto wa miaka miwili, Mutalemwa, ngozi na mifupa. Mhaya akiona mwenye njaa, dawa anayoijua ni ebitoke. Marehemu aliziponda ndizi hizo pamoja na maharage, akamlisha mtoto mpaka akashiba, na wote jikoni wakashangilia. Kesho yake mchana Mutalemwa alifariki. Daktari mmoja aliyepita alimweleza bila ukali kwamba mwili uliozoea njaa hauwezi kubeba mlo mkubwa. Uanze na maziwa ya unga yaliyochanganywa na sukari na mafuta, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili. Siku hiyohiyo alikifunga kijiko shingoni.

Kwa miaka kumi na minne alilisha hivyo, kijiko kwa kijiko. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hununa. Hachezi, hatazami watu. Kwa hiyo marehemu alikuwa na kipimo chake. "Mizani hudanganywa na maji yaliyojaa mwilini," alisema. "Mtoto hajapona mpaka acheke."

Mwaka 1974, watu walipokuwa wakihamia vijijini, maziwa ya unga yalikawia kufika. Marehemu alisimama mkutanoni akaomba sehemu ya shamba la ujamaa ilimwe karanga za kituo.

"Ma, karanga ni kazi ya wanawake," alisema mwenyekiti, Ta Mutembei.

"Sawa, Mwenyekiti. Na njaa ya watoto ni kazi ya nani?"

Mkutano uliangua kicheko, na Ta Mutembei mwenyewe akawa wa kwanza kushika jembe. Kijiji kilivuna, na karanga zilizosagwa zikawavusha watoto mpaka maziwa yalipofika. Familia inawashukuru.

Novemba 1975 moyo wa marehemu ulianza kusumbua, na miguu ikavimba. Hakuacha kazi. Mwezi Juni mwaka huu Mama Immakulata alikuja kumchukua mjukuu wake, Datius, mtoto aliyefiwa na wazazi wote wawili. Alikuwa amemleta na mashavu yaliyojaa, kijiji kizima kikimsifu kwa unene. Baada ya wiki mbili za maziwa uvimbe ulishuka, na mwili halisi ukaonekana.

"Nilikuletea mtoto mnene, Ma, unanirudishia kuni!" alifoka Mama Immakulata. "Maziwa ni ya ndama. Mjukuu wangu hajala!"

Marehemu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, shimo likabaki. "Tazama, mama. Na mimi nimenenepa?"

Mama Immakulata alilitazama lile shimo, akaketi. "Nimwache mpaka lini?"

"Mpaka acheke. Akicheka, mpikie mkungu mzima, hata nami uniite."

Alimfundisha kupima maziwa na kulisha. Siku mikono yake ilipoishiwa nguvu, alikivua kijiko akamvisha Mama Immakulata. Ma Adventina alifariki Ijumaa, tarehe 9 Julai 1976, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Ameacha mume, Mwalimu Ildefons. Mama yake mzazi, Ma Anatolia. Watoto wanne, Ephrasia, Buberwa, Lwakatare na Kokuberwa mdogo. Pamoja na watoto wengi wa Kishanda, ambao baadhi yao ndio waliobeba jeneza hili.

Mama Immakulata yupo hapa, kijiko shingoni, na Datius mgongoni. Jana mtoto alikishika kijiko mwenyewe akakivuta. Hajacheka bado. Mkungu umekatwa, unangoja jikoni. Pumzika kwa amani, Ma; siku atakapocheka tutakuja hapahapa kukuambia.